Nilizoea maghorofa, sasa nimepewa kusimamia ujenzi wa kituo cha data. Niangalie nini pale saiti?

Mjenzi wa Kigamboni

Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu habari za kazi.

Mimi ni injinia wa majengo, nina miaka 6 kazini. Nimesimamia maghorofa mawili ya kupangisha, ghala moja Chang'ombe na madarasa ya shule. Wiki iliyopita bosi kaniita, kaniambia kuanzia mwezi ujao nahamia kwenye saiti ya kituo cha data hapahapa Dar. Si kikubwa: ukumbi mmoja wa raki 60 (yale makabati ya kupangia seva), jenereta mbili, chumba cha betri, chumba cha transfoma, ofisi juu. Sisi tuko upande wa mteja, kwa hiyo mimi ndiye jicho lake pale. Mkandarasi mkuu ana wakandarasi wadogo wa umeme, viyoyozi, zimamoto na kebo za mawasiliano.

Zege nalijua, nondo nazijua, fundi anayetaka kuiba saruji namjua kwa kumtazama anavyotembea. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba michoro ya umeme ni mingi kuliko ya jengo lenyewe. Kikao cha kwanza watu walikuwa wanataja "daraja la tatu", "A na B", "majaribio ya ngazi ya tano", mimi naandika tu kwenye daftari.

Sitaki kuwa msimamizi wa kusaini karatasi. Aliyewahi kusimama kwenye saiti ya namna hii anisaidie: asubuhi nikifika niangalie nini? Na ninyi kipi kiliwapita ambacho mngependa mngeambiwa mapema?

---

Mama Saiti

Marahaba mwanangu, na hongera. Umeuliza kabla hujaanza, hilo peke yake limenifurahisha, maana wengi huuliza baada ya kukabidhi.

Mimi kwa asili ni fundi umeme. Nilianza Tanga nikivuta waya kwenye nyumba za watu, nikasoma nikiwa na watoto wawili, na kwa sasa nina miaka 18 kwenye saiti. Vituo vya data nimesimamia vitatu, viwili Dar na kimoja Mombasa, vyote upande wa mteja kama wewe. Nitaandika kirefu, vumilia.

Kwanza nikutoe hofu ya yale maneno. Daraja la tatu ni la Uptime Institute, wao wana madaraja manne. La tatu maana yake kila kipande cha mfumo kinaweza kuzimwa, kikafanyiwa matengenezo, na hakuna seva hata moja inayozimika. Ndiyo maana raki inalishwa kwa njia mbili, A na B. Unazima A, unafungua breka, unabadilisha unachobadilisha, B inabeba. Vyeti vyao vinavyokuhusu wewe ni viwili: kimoja cha michoro, kingine cha jengo lililokwisha kujengwa. Cha kwanza kinapatikana watu wakiwa wamekaa mezani. Cha pili kinapatikana au kinakosekana kwa sababu ya mtu aliyekuwa anatembea saiti na viatu vyenye tope, na safari hii mtu huyo ni wewe.

Sasa swali lako, kipi kilinipita.

Kituo changu cha kwanza, masika. Michoro ilionyesha mitaro miwili kutoka chumba cha transfoma hadi jengo kuu. Kebo za A zipite kaskazini, za B zipite kusini, zisikutane mahali popote. Mtaro wa kusini ulitutesa. Maji ya chini yako karibu, kingo zinaporomoka, pampu inavuta mchana kutwa, ukiamka asubuhi umejaa tena. Ijumaa moja nikaenda mjini kwenye kikao cha mteja. Jumatatu nikakuta mitaro yote miwili imefukiwa, imeshindiliwa, na simu yangu ina picha 30 za kazi nzuri: mchanga laini, utepe wa onyo, vijana wamevaa kofia. Nikaletewa fomu ya ukaguzi. Nikasaini.

Wiki tatu baadaye nilifungua chemba ya kaskazini kuangalia kama imeingia maji. Nikapiga tochi, nikahesabu kebo. Zilitakiwa kuwa nne. Nikahesabu nane. Nikashuka ndani, nikazihesabu kwa kuzishika moja moja, kila moja nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Nne zina utepe mwekundu, nne zina utepe wa bluu. A na B zimelala pamoja, ubavu kwa ubavu. Upande wa kusini walikuwa wamefukia mtaro mtupu.

Fikiria maana yake. Jengo zima limelipiwa njia mbili, halafu kijana mmoja wa kuchimbia bomba la maji, sururu moja, anakata zote. Mkandarasi mdogo alisema mvua ilimzidi na ratiba ilikuwa inamkaba, na mimi namwamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini fomu ilikuwa na saini yangu. Tulichimba upya, tukavuta kebo upya, siku 19 zikapotea, na nilisimama mbele ya mteja kueleza nilisaini nini.

Tangu siku ile nina sharti moja ambalo huwa nalisema kwenye kikao cha kwanza kabisa, mbele ya wote, na linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: hakuna mtaro unaofukiwa, hakuna zege linalomwagwa, hakuna dari inayofungwa na hakuna sakafu inayofunikwa kabla mimi au msaidizi wangu hatujakiona kwa macho na kukigusa. Ombi la ukaguzi liletwe saa 24 kabla. Nikiwa sipo, kazi inasubiri. Picha napokea, lakini picha iwe na futi iliyokunjuliwa na kibao chenye tarehe na jina la mahali, na haichukui nafasi ya mimi kushuka.

Kwenye maghorofa uliyojenga, mwenye nyumba anaona karibu kila kitu: rangi, vigae, milango. Huku vitu vinavyobeba kazi vimefukiwa au viko juu ya dari. Kwa hiyo saa zako nyingi zitumie kabla ya kufunika. Ethi, kwa mfano, zile fimbo za kupeleka umeme uliovuja ardhini. Zikishapigwa na jamvi la zege likamwagwa juu, kurudi ni kuvunja. Mchoro wetu ulitaka kipimo kisizidi omu 1. Fundi alipima siku mbili baada ya mvua ya vuli, akapata 0.8, kila mtu kafurahi. Nikamwomba turudie mwezi wa tisa ardhi ikiwa imekauka, ikaja 2.3. Tukaongeza fimbo ndefu zaidi zifike kwenye unyevu wa kudumu. Mchanga wa Dar juu unakauka, chini kuna maji, na wewe unajenga kwa ajili ya mwezi wa tisa.

Zege unalijua, sitakufundisha. Ila soma uzito wa sakafu. Chumba cha betri na ukumbi wa raki si sebule, mchoro wetu ulikuwa na kilopaskali 12, yaani kama tani 1.2 kwa kila mita ya mraba. Halafu tembea njia ya mzigo. Hili ni dogo lakini limeshasimamisha kazi: makabati ya UPS (mashine inayobeba mzigo kwa betri umeme ukikatika) na raki yanakuja marefu, yamesimama juu ya paleti zake, na mlango wa kawaida una mita 2.1. Chukua futi, anzia pale lori litakapopaki, pima kila mlango, kila kona, kila ngazi, hadi mahali kitu kitakapokaa. Fanya hivyo wakati kuta bado ni tofali.

Vumbi. Hapa utagombana na watu, na ugombane. Kuna siku moja kwenye kila mradi ambapo ukumbi unaacha kuwa saiti na kuwa chumba cha mashine. Ichague siku hiyo mapema na uitangaze. Baada ya hapo hakuna kukata kigae cha sakafu ndani, hakuna kutoboa ukuta bila kifyonza vumbi, hakuna maboksi ya karatasi, maana yanamwaga nyuzi. Mombasa nilikuta fundi gipsamu anapiga msasa dari wakati viyoyozi vimeshawashwa kwa majaribio. Nilichomoa filta moja nikaipiga kwenye kiganja: unga mweupe kama wa sembe. Ule unga ungeingia kwenye seva kwa miaka. Tulizima, tukafuta ukumbi mzima pamoja na chini ya sakafu ya kuinuliwa, kila kigae cha sentimita 60 kikanyanyuliwa na kurudishwa.

Na kwa kuwa uko pwani: chumvi na unyevu. Vibati vyembamba vya alumini kwenye kondensa, yaani mashine za viyoyozi zinazokaa nje, viwe vimepakwa kinga ya chumvi tangu kiwandani, soma hiyo kwenye oda na usikubali kuambiwa "tutapaka hapa". Boliti za nje, angalia moja moja. Mabomba ya maji baridi nayo, hewa yetu ikigusa bomba la nyuzi 10 inatoa maji kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Gamba la kuzuia joto likiwa na upenyo kwenye kiungo kimoja tu, hapo patadondoka, na chini yake huenda kuna kebo. Pitisha mkono kwenye kila kiungo, kila kona na kila valvu. Jicho linadanganywa na gundi nzuri, kidole hakidanganyiki.

Sasa majaribio, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ngazi ni tano. Ya kwanza inafanyika kiwandani kabla mashine haijasafirishwa. Ya pili ni mzigo unapofika saiti, unafungua unaangalia kama ndicho kilichoagizwa na kama hakijagongwa. Ya tatu ni kifaa kikishafungwa na kuwashwa mara ya kwanza. Ya nne ni kila mfumo peke yake. Ya tano ni mifumo yote pamoja, unakata umeme wa TANESCO makusudi na kuona jengo linafanya nini. Kwa kuwa seva hazijaja, mnaingiza ukumbini hita kubwa zenye feni ziwe kama seva: zinakula umeme na kutoa joto.

Kituo cha tatu, ratiba ya mkandarasi iliandika majaribio ya jenereta dakika 30. Nilikataa. Nilitaka muda wa saa 8, mzigo kamili, juu ya jenereta moja, ya pili ikiwa imefungwa kama vile iko matengenezo. Maneno yakawa mengi, dizeli ni ghali, hita zimekodishwa kwa siku. Nikashikilia.

Tulikata umeme saa 3 asubuhi. Betri zikabeba, sekunde chache jenereta ikaingia, kila taa ya kijani. Watu wakapigana mikono, wengine wakaenda kunywa chai. Mimi nikakaa na kiti cha plastiki karibu na jenereta na daftari, kila robo saa naandika joto, mkondo, kiwango cha mafuta kwenye tanki dogo. Lile tanki dogo lina lita 400, likipungua pampu inatakiwa kuvuta kutoka tanki kubwa la lita 10,000 lililoko chini. Saa 5 niliona kipimo kimeshuka chini ya nusu na pampu haijalia. Nikamwambia fundi wa jenereta. Akasema itavuta ikifika robo. Robo ikafika, kimya. Sikuruhusu mtu aguse kitu, nilitaka tuone mwisho wake. Saa 6 na dakika 40 jenereta ikaanza kukohoa, ikazima. Betri zikabeba tena, tukaanza kuhesabu dakika.

Pampu ya dizeli ilikuwa imeungwa kwenye ubao wa taa za nje. Ubao ule unapata umeme wa TANESCO peke yake. Yaani umeme ukikatika, kitu cha kwanza kuzimika ni pampu inayoilisha jenereta. Lita elfu kumi ziko mita 15 pale, na jenereta inakufa kwa kiu. Kwa dakika 30 tusingejua kamwe, na lingekuja kugundulika usiku, seva za watu zikiwa ndani.

Kwa hiyo mwanangu, kwenye kila kitu jiulize: hiki kinapata wapi umeme wake? Pampu, kidhibiti cha viyoyozi, mlango wa kadi, king'amuzi cha moshi, hata feni ya chumba cha betri. Fuata waya kwa mguu hadi ufike kwenye breka, usome lebo, kisha uizime uone kama kweli ndiyo.

Jambo la mwisho, la watu. Siku umeme mkubwa unapoingia jengoni, nusu ya mafundi bado wanadhani ni saiti ya jana ambayo kila waya umekufa. Wakusanye asubuhi, kila mtu, hadi mama anayeleta chakula. Milango ya vyumba vya umeme ifungwe, funguo akae nazo mmoja, kila breka iliyozimwa kwa kazi iwe na kufuli na jina la aliyeifunga, na aliyefunga ndiye afungue. Kibarua anayetafuta mahali pa kuegesha ngazi hajui kusoma mchoro wako.

---

Fundi wa Mombasa Road

Mama amesema yote, mimi naongeza machache tu kutoka Nairobi, nafanya kazi ya majaribio ya kukabidhi.

Hapa tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Jenereta iliyopita vizuri kiwandani pwani ya nchi fulani, ikifika hapa haitoi nguvu ileile. Wewe uko Dar, hilo halikuhusu sana, lakini joto linakuhusu: uliza mashine imekadiriwa kwa nyuzi ngapi. Chumba cha jenereta mchana wa Januari si kile cha kwenye karatasi. Simama ndani mzigo ukiwa kamili, uone kama hewa moto inatoka kabisa ama inazunguka na kurudi kwa rediata.

Kitu cha pili ni boliti za kebo kubwa. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, halafu fundi apige mstari wa rangi juu ya boliti na bamba. Mstari ukikatika, unajua imelegea. Hita zikiwa zimewashwa kwa saa mbili hivi, pita na kamera ya joto kila ubao. Nimewahi kupata kiungo kimoja kina nyuzi 94 wakati jirani zake wawili wako 51. Kwa macho vilikuwa vinafanana kabisa.

Na usikubali mtu akuambie "umeme ukienda jenereta itashika, tulishajaribu". Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ilikosa stima, na sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA hapa Nairobi ikabaki gizani kwa sababu jenereta haikuwaka. Kama imeweza kutokea kwa uwanja wa ndege, itatokea kwako. Omba ile ya saa 8, kama Mama alivyofanya.

---

Mtu wa Faiba

Mimi ni wa mtandao, naingia jengoni wenzangu mkishatoka, kwa hiyo naona mlichoacha.

Hadithi ya A na B ya Mama Saiti, iambie pia kwa kebo za faiba. Mara nyingi kwenye michoro kuna vyumba viwili vya kuingilia mawasiliano, lakini nje ya ukuta mabomba yote yanakwenda kwenye chemba moja ya barabarani. Toka nje ya geti, fungua chemba, ufuate mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom, kebo za intaneti za chini ya bahari, zilipokatika siku moja, wote tuliona nchi ilivyokuwa. Baharini huna la kufanya. Mita 200 za mbele ya geti lako, unalo.

Na lebo, tafadhali. Kila kebo iwe na lebo pande zote mbili, iliyochapwa, isiwe ya kalamu. Nimetumia usiku mzima kutafuta kebo moja kati ya 300 kwa sababu fundi aliandika kwa mkono na jasho likafuta.

---

Moshi Mweupe

Nafunga mifumo ya kuzima moto. Ombi moja tu kwa msimamizi.

Gesi ya kuzimia moto inafanya kazi kama chumba kinaishikilia, kwa kawaida dakika 10. Kabla ya kukabidhi tunafunga feni mlangoni, tunasukuma hewa, tunapima chumba kinavuja kiasi gani. Karibu kila mara kinafaulu, halafu wiki inayofuata watu wa kebo wanatoboa ukuta kupitisha waya mmoja na wanaondoka bila kuziba. Cheti kiko ukutani, ukuta una tundu.

Toa kibali cha maandishi kwa kila tundu. Anayetoboa anaandika jina, anaziba kwa kitu cha kuzuia moto, unakagua siku hiyohiyo. Chukua orodha ya matundu yote, yape namba, hata kama ni 140. Machi 10, 2021, jengo moja la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote. Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu Daejeon, Korea Kusini, ulizimisha mamia ya mifumo ya serikali. Chumba chako cha betri kikae kivyake, ukuta wake ufike hadi kwenye jamvi la juu na usiishie kwenye dari ya gipsamu. Panda ngazi, nyanyua kigae cha dari, uangalie.

---

Mjenzi wa Kigamboni

Asanteni sana, Mama asante zaidi. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na michoro mezani.

Nina swali dogo. Bosi wangu ni mtu mzuri, lakini tarehe ya kukabidhi ameshamwahidi mteja. Ikifika wakati mkandarasi ameleta fomu, kila mtu anasubiri saini yangu, na kitu kimeshafunikwa sijakiona, nafanyaje bila kuonekana nakwamisha mradi?

---

Mama Saiti

Usikatae kwa mdomo na usisaini kwa aibu. Andika kwenye fomu ileile, kwa kalamu, mbele yao: "Sikushuhudia kabla ya kufunikwa. Naomba kifunuliwe sehemu tatu nitakazochagua." Kisha uzichague wewe, usichaguliwe. Sehemu tatu zikiwa sawa, unasaini na unaendelea, hakuna aliyechelewa hata siku mbili. Mkandarasi mwenye kazi safi hatakuchukia kwa hilo, atakufungulia mwenyewe. Bosi wako mpe nakala siku hiyohiyo na umweleze kwa gharama, kwamba kufungua mita mbili leo ni kibarua wawili na koleo. Mtaro wangu ule wa kusini ulitugharimu siku 19.

Na daftari la saiti liandike kila jioni kabla hujapanda daladala: hali ya hewa, watu wangapi, nini kilifunikwa, nani alikuwepo. Mimi nilipoulizwa ile Ijumaa ya mitaro ilikuwaje, ukurasa wangu ulikuwa mtupu.

---

Mjenzi wa Kigamboni

Nimeelewa Mama.

Nimeitafuta pampu ya dizeli kwenye michoro usiku huu. Kwenye mchoro wa mabomba ipo. Kwenye mchoro wa umeme kuna alama yake, na mstari unaotoka pale unaishia hewani, pembeni pameandikwa "itaamuliwa saiti". Na mlango wa ukumbi umechorwa mita 2.1, raki kwenye oda ni mita 2.2 bila paleti.

---

Mama Saiti

Mwandikie mshauri elekezi usiku huuhuu, barua mbili, kila jambo na barua yake, na namba za michoro uziweke. Ukuta wa ule mlango umeshafika wapi?

---

Mjenzi wa Kigamboni

Kozi ya nne ya tofali. Linta ya juu ya mlango bado. Naandika sasa hivi, na asubuhi saa 1 nitakuwa pale kabla fundi hajachanganya udongo.